Ng'ombe wa Kinyozi Ahamia Gashoho

Mpaka leo sijaelewa ng'ombe wa kwenye simu humpa mtu nini. Kinyozi wangu wa Magarama, hapa Gitega, alisimamisha mashine katikati ya kichwa changu.

“Mchezo ya ufugaji, sehemu ya pili inakuya! Simu haiwezi beba yote mbili. Nikifuta ya zamani, ng'ombe yangu itaenda wapi?”

Mama mkulima wa Gashoho, aliyekuwa akisubiri gari la Muyinga, hakucheka. “Anayehama humwachia jirani ng'ombe, mwanangu. Mweke kwenye simu yangu. Ila ndama wa kwanza ni wangu.”

“Sawa mama, lakini usiiuze!”

Kinyozi akamhamishia ng'ombe kwenye simu yake, na mama akaondoka naye mkobani. Kabla kichwa changu hakijaisha kunyolewa, alimpigia kinyozi simu akiwa njiani: ameshamlisha ng'ombe.