Mshono wa Bawa

Mama yangu alikuwa fundi cherehani, na aliamini dunia nzima imeshonwa na mtu aliyekuwa na haraka. Akiingia kanisani hakutazama madhabahu, alitazama pindo la joho la mchungaji. Jumapili moja alimrudisha mchungaji nyumbani abadilishe joho kwa sababu bega moja lilikuwa limekunjamana, na ibada ikachelewa, na hakuomba radhi. Mimi nimerithi ulimi wake. Mikono yake sikuirithi, ndiyo maana nikaajiriwa serikalini.

Wakati wa utoto wangu cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja pale Kitale. Uwanja wa ndege ulikuwa ukimpa kazi ya kushona ile soksi kubwa inayoning'inizwa kwenye mlingoti ili rubani ajue upepo unatoka wapi. Alishona nyingi, maana upepo wa Kitale hauna adabu na soksi hazikukaa. Alizipeleka mpaka langoni, mlinzi akazipokea, naye akabaki nje ya ua akitazama ndege ya mkulima mmoja mzungu: kuukuu, ya mabawa mawili mawili, bawa juu bawa chini, ikitoa sauti ya mtu anayekohoa kwa makusudi. Siku moja mlinzi, kwa kutaka kujionyesha tu, akamwambia kwamba mabawa yale si bati. Ni kitambaa. Kimeshonwa kwa uzi juu ya mbao, kisha kikapakwa dawa mpaka kikakaza.

Yule mlinzi alimwachia mama ugonjwa. Kitambaa! Kimebeba mtu mzima angani na hakijafumuka! Ni nani alikishona, kwa uzi gani, mshono wa kwenda na kurudi au wa mafundo? Kutoka nje ya ua huwezi kuona mshono, na wenye ndege hawakuwa watu wa kuruhusu fundi wa barazani aingie kukagua. Ndege ile ikaondoka na mwenyewe, sisi tukakua, mama akazeeka, na swali likabaki. Harusini, matangani, akiona gauni limechanika kwapani, alisema, "Na kuna watu wanaruka na kitambaa."

Sasa anaishi kwangu Bungoma, upande wa Mabanga. Mwaka jana daktari wa macho alitwambia kwamba presha ya macho imemla vibaya, kwamba kilichobaki kitaondoka polepole na hakitarudi. Mama akamuuliza hiyo polepole ya daktari ni ya siku ngapi. Daktari akaandika kitu kwenye karatasi, kama wanavyofanya wakiulizwa swali la maana. Njiani kurudi nyumbani mama aliniambia jambo moja tu: kabla hayajaisha, angependa kuufikia mshono wa bawa, hata mara moja. Nikamwambia haya, kama unavyomwambia mtu anayetaka kwenda mwezini.

Kisha ndege ikaja yenyewe. Mwenzangu mmoja wa zamani kazini, aliyestaafu akarudi Kitale na kuwa mwenyekiti wa kila kitu kinachohitaji mwenyekiti, alinipigia simu. Mzungu mmoja mzee alikuwa akizunguka nchi na ndege yake ya kale, bawa juu bawa chini, na angetua katika uwanja wetu wa kihistoria. (Uwanja ulipata historia wiki hiyo. Kabla ya hapo ulikuwa na ng'ombe.) Kamati ilikuwa imeundwa. Kamati ilikuwa na kamati ndogo. Mgeni wa heshima alikuwa ameshaalikwa.

"Madam, wewe ndiye unajua Kiswahili cha ratiba," akaniambia. "Hawa wangu wataandika kama wanauza viazi."

Nikakubali kwa sharti moja, mama apate kiti cha mbele, na ndege ikishatua apelekwe mpaka kwenye bawa. Mwenyekiti akasema hiyo ni kazi ndogo sana, yeye mwenyewe atamshika mkono. Akanitumia kwa simu picha ya barua ya rubani ili niandike ratiba vizuri. Barua ilikuwa fupi. Mzee yule hakuomba bendi, wala hema, wala chakula. Aliomba jambo moja: nyasi za kando ya lami zikatwe fupi, upande ule wa mashariki, kwa sababu ndege yake ni ya zamani, haina breki za maana, na mkia wake huburuta chini. Kwenye lami haitulii. Hutua kwenye nyasi.

Niliisoma barua hiyo mara mbili, nataka hilo lijulikane. Niliisoma, nikaielewa, nikaandika kwenye ratiba: "Usafi wa Mazingira: umekamilika." Ndivyo tulivyofundishwa ofisini. Barua ikiingia, unatafuta neno unalolijua, unalipatia namba, na unaendelea.

Siku yenyewe tuliondoka Bungoma asubuhi kwa gari langu. Mama alivaa rinda la kitenge alilolishona mwenyewe, akakaa wima njia nzima. Nilimwambia atulie, akasema ametulia. Alikuwa na furaha mpaka akanisalimia mara mbili.

Tulipofika nilicheka kwanza, kisha nikaona fahari, na leo naona aibu kwa yote mawili. Nyasi zilikuwa zimefyekwa, kweli, zikapendeza kuliko kapeti. Na kwa kuwa zilipendeza, kamati ilifanya ambalo kamati yoyote ya kwetu ingefanya ikiona mahali safi: ilisimamisha hema. Hema kubwa jeupe, la wageni waheshimiwa, katikati kabisa ya nyasi zilizofyekwa. Mbele yake zulia jekundu. Pembeni hema la pili, la kwaya, na la tatu, la chakula. Viti vya plastiki vilivishwa nguo na kufungwa utepe mgongoni kama bibi harusi waliokata tamaa. Wananchi wa kawaida walikuwa wamesukumwa kule kwenye nyasi ndefu, pamoja na kupe.

Mwenyekiti alitupokea kwa suti, mimi nikiwa nimemshika mama mkono. "Kukhu, karibu sana," akamwambia mama, kwa heshima ya bibi, akamkalisha mstari wa mbele. Mama akapapasa ukingo wa hema uliokuwa karibu naye, akasonya. "Hii imeshonwa na mtu mwenye njaa," akasema. Nikamwomba apunguze sauti.

Mgeni wa heshima alikuwa njiani. Tuliambiwa yuko Kiminini. Baada ya nusu saa tukaambiwa bado yuko Kiminini, na nikaanza kudhani amenunua shamba huko. Kwaya ikaimba. Mshereheshaji akatambulisha watu waliokuwepo, kisha akatambulisha waliotuma udhuru, kisha akatusihi tusimame kwa maombi.

"Na tafadhari sana, tuzime simu," akasema. "Hata mwenyekiti azime. Mungu hapigiwi simu."

Mwenyekiti, mwenye namba pekee aliyokuwa nayo rubani, akazima.

Basi tulikuwa tumefumba macho, watu mia kadhaa, tukimwomba Mwenyezi aifikishe ndege salama, wakati ndege ilipofika. Kikohozi kile kilitoka upande wa Mlima Elgon, kikakua, kikatupita kwa juu. Hakuna aliyefumbua macho, maana mwombaji alikuwa bado anaombea viongozi. Mimi nilifumbua moja. Niliiona ikishuka kuelekea nyasi, chini kabisa, kisha ikanguruma na kupanda tena ghafla, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta wageni ndani.

Baada ya amina watu walishangilia. "Anatusalimia!" mshereheshaji akapaza sauti. "Mpungieni, mpungieni jameni!" Tukapunga. Ndege ikazunguka juu ya mashamba, ikarudi, ikashuka, ikapanda. Makofi. Kina mama wa kwaya wakapiga vigelegele.

Mama hakupunga. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, akisikiliza.

"Huyo hasalimii mtu," akasema. "Amepunguza moto, halafu ameongeza. Anataka kukaa chini na nyinyi mmekalia mahali pake."

Ile barua ikanirudia yote, neno kwa neno. Kando ya lami. Upande wa mashariki. Nilisimama, nikamfuata mwenyekiti, nikamnong'oneza. Tofauti na mnavyodhani, yeye hakuwa mjinga. Alitazama hema, akatazama nyasi, akaelewa mara moja. Jasho likamtoka.

"Sasa tufanye nini, madam?"

"Toeni hema. Wanaume kumi na wawili watalibeba hivi hivi."

Akatazama barabara. "Na mgeni akifika akute wazee wamebeba tenti kichwani? Si nitakuwa nimeisha mimi? Ngoja afike, aketi, atupatie ruhusa, ndio tutoe."

"Ndege haingoji, bana!"

"Atazunguka tu. Si ana mafuta?"

Nilipaswa kupiga kelele. Ningeweza kumnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti. Watu walikuwa tayari, walikuwa na miguu, wangehamisha hema kwa muda wa kuimba ubeti mmoja. Lakini miaka thelathini ya kukaa ofisini haitoki mwilini kwa siku moja. Nilijiambia ratiba ni yangu, mpangilio ni wao, na kwamba mwanamke mstaafu kutoka Bungoma hana mamlaka juu ya hema la Kitale. Nikarudi kwenye kiti changu chenye utepe.

Mama alikuwa amesimama, ameshika mgongo wa kiti chake. "Wamesemaje? Wanaondoa?"

"Kaa, mama."

"Ambia hawa watu watoke. Nitawaambia mimi."

"Mama, tafadhali. Watu wanatutazama. Usiniaibishe."

Akakaa. Ndege ikapita mara ya tatu, chini kuliko zote, mpaka nikaona kichwa cha rubani kimevaa kofia ya ngozi, na mkono wake umetoka nje ukipunga kwa nguvu: tokeni, tokeni. Kitale nzima ikampungia. Kisha akageuza ndege kuelekea Eldoret, kikohozi kikapungua, na uwanja wetu wa kihistoria ukabaki na wasemaji.

Mgeni wa heshima alifika saa moja baadaye. Hakuuliza ndege iko wapi, na hakuna aliyemwambia, kwa kuwa haikuwa kwenye ratiba kwamba atauliza. Alisoma hotuba yake. Alimshukuru rubani kwa kututembelea na kuahidi kwamba vijana wetu nao wataruka. Alikata keki iliyotengenezwa kwa umbo la ndege, bawa juu bawa chini, na hiyo ndiyo pekee iliyotua siku hiyo. Mwenyekiti, aliyekuwa amekwepa macho yangu muda wote, alimletea mama kipande kwa mikono miwili. Kilikuwa kipande cha bawa. Mama akakishika, akashukuru, hakukila.

Tuliondoka kabla ya chakula. Niliendesha huku nikisema. Nilimsema mwenyekiti, nikamsema mshereheshaji, nikawasema kina mama wa kwaya na vigelegele vyao, nikaisema nchi nzima na mahema yake. Nasema vizuri nikiwa na hasira, na barabara ya kurudi ni ndefu. Tulipopita Kiminini mama akauliza, "Ilikuwa rangi gani?"

Nikadhani ananitania. "Si ilipita juu yako mara tatu, mama?"

"Niliisikia."

Nikapunguza mwendo, kisha nikasimamisha gari kando. Akaniambia kwa sauti ile ile aliyokuwa akitumia kumwambia mteja kwamba zipu imekufa. Macho yalifunga kabla mahindi hayajavunwa. Mwanga anaupata bado, umbo hapana. Chai alikuwa akiijua kwa mvuke, mimi kwa mlio wa viatu. Hakuniambia, maana ningeahirisha safari, ningeuliza kipofu anaenda kutazama nini uwanjani. Na ni kweli, ningeuliza hivyo hasa. Kumbe hakuwa na shida ya kutazama. Alitaka itue tu, nimpeleke mpaka pale, apitishe vidole kwenye bawa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mshono, akasema, hata mwenye macho huusoma kwa vidole.

"Buluu," nikamwambia. "Mkia mweupe."

"Haya."

Nilikuwa nalia, na bado nilitafuta wa kulaumu, na nikampata yeye. Nikamuuliza kwa nini hakuwapigia kelele. Yeye aliyemrudisha mchungaji nyumbani, amewahi lini kuogopa kamati?

Mama alifuta krimu ya keki kwenye vidole vyake kwa leso, kidole kimoja kimoja.

"Ulisema nikae," akasema. "Ningeenda wapi, na wewe ndiye uliyekuwa unanishika mkono?"