Meza ya Madam wa Al Wukair

Mwaka wangu wa pili Doha, Qatar, nilifanya kazi za nyumbani kwa mwalimu mmoja Mwingereza, mjane, kule Al Wukair, nje kidogo ya jiji. Siku moja nikipangusa chumba chake cha vitabu nilikuta meza ndogo: mshumaa, bakuli la maji, chumvi, kisu cha mpini mweusi na sanamu ya mwanamke mjamzito. Nilitoka bila kumaliza kupangusa.

Ijumaa baada ya kanisa nilimweleza rafiki yangu wa Tanga, mfua nguo wa hotelini, chumbani kwake mtaa wa Al Mansoura.

"Huyo mchawi, dada," akasema. "Mripoti polisi kabla hamjakamatwa pamoja."

Nilijua nchi ile uchawi ni jela. Lakini kwetu Bungoma niliwahi kuona bibi mmoja akichomewa nyumba kwa uvumi tu, nami nilisimama nikitazama. Sikuwa tayari kurudia. Niliamua kumuuliza mwenyewe, hata akinifukuza.

Kesho yake nikampelekea chai. "Madam, ile meza ni ya nini?"

Uso ulimwiva. Akaniambia dini yake inaitwa Wicca. Wanamheshimu mungu wa kike na mungu wa kiume, Shetani hawamtambui, na kanuni yao kubwa ni kutomdhuru yeyote. Kisu ni cha kuchorea duara la ibada hewani, hakikati kitu. Wana sikukuu nane kwa mwaka, zinazofuata jua: siku ndefu kuliko zote, siku fupi, siku mbili ambazo mchana na usiku hulingana, na nyingine nne katikati, za kupanda, ya kuvuna mwezi wa Agosti, na moja ya kuwakumbuka wafu.

"Na huku jangwani Agosti unavuna nini?"

Akacheka. "Mrehani, kwenye kopo dirishani."

"Mimi ni mtu wa kanisa," nikamwambia. "Kazi zote nitafanya, ila ile meza utaipangusa mwenyewe, na chakula cha sikukuu zako sitakula."

"Nimekubali."

Hakuvunja ahadi. Agosti alioka mkate wa mavuno, mimi akaniletea wa dukani.

Mwisho wa Oktoba, sikukuu ya wafu, alimwandalia marehemu mumewe sahani. Juma hilohilo baba yangu alikuwa amezikwa bila mimi. Nilisimama mlangoni pa jikoni.

"Nataka kumwombea baba. Kwa Mungu wangu."

Akanivutia kiti. Niliomba kwa Kibukusu, lugha ya kwetu, kwa sauti, mpaka nikamaliza, naye ameinamisha kichwa. Hapo ndipo nilipolia kwa mara ya kwanza tangu nipigiwe simu ya msiba.

Rafiki yangu aliposikia alifoka. "Umekaa meza moja na pepo!"

"Nimekaa na mjane," nikamjibu.

Alininunia mwezi mzima. Kisha akaja Al Wukair kunisalimia, akaishia getini. Sikumlazimisha kuingia. Nilifanya kazi pale miaka mitatu zaidi, mpaka madam aliporudi kwao.