Uwanja wa Dada Tumpe

Harufu ya udongo mkavu ulionyunyiziwa maji hunirudisha Mbeya, kwenye uwanja wa tenisi wa bustani ya jiji, kipupwe kile nilipokuwa na miaka kumi. Uwanja ulikuwa wa udongo mwekundu, na kila alasiri dada yangu Tumpe aliumwagia maji kwa ndoo ili vumbi litulie. Alikuwa na miaka kumi na minne, mrefu, mkimya nyumbani, lakini akishika raketi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alicheza na rafiki yake Zarina, ambaye baba yake alikuwa na duka la vitambaa ng'ambo ya barabara. Raketi zote mbili zilitoka kwa kina Zarina, na mimi nilipewa zamu mmoja wao akichoka. Mwanzoni zamu yangu ilikuwa nadra. Baridi ilipokolea nikaanza kucheza karibu kila siku. Nilifurahi, wala sikujiuliza kwa nini Tumpe anakaa kwenye benchi akihema, mikono juu ya magoti.

Mama ndiye aliyeona. Alimpeleka hospitali, wakarudi na habari kwamba moyo wa Tumpe una kasoro iliyoachwa na ugonjwa wa utotoni, na kwamba asubiri nafasi ya kutibiwa Dar es Salaam. Hadi hapo, asikimbie. Mama alikuwa mwalimu na alizoea kusema jambo mara moja tu. Alituruhusu kwenda bustanini kuota jua, basi. Tumpe aliitikia, "Ndiyo, mama," na siku ya tatu akashika raketi. Aliniambia, "Neema, ukimwambia mama, ndiyo mwisho wangu wa kuja hapa." Nilimpenda kuliko mtu yeyote, nikaahidi. Kwa wiki mbili nilimfuta viatu vumbi jekundu kwa majani kabla hatujafika nyumbani, mtaa wa Soweto. Njiani tulisimama mara nyingi, yeye akijifanya anafunga kamba za viatu ili apumue.

Jumamosi moja aliufikia mpira uliokwenda kona kabisa, akaurudisha, akacheka. Kisha akakaa chini kwenye mstari, taratibu, kama mtu aliyeamua kupumzika. Zarina alikimbia dukani kumwita baba yake, wakampakia kwenye gari. Hakurudi nyumbani. Msibani mama aliwaambia waliokuja kumpa pole, "Mtoto wangu alinisikiliza mpaka mwisho." Nilikuwa nimekaa naye mkeka mmoja, bega kwa bega, nikanyamaza. Mama naye amekwisha kufariki, na alikufa akiamini hivyo.

Mwezi uliopita Zarina, aliyerithi lile duka, alinipigia simu Iringa ninakoishi. Uwanja wetu umevunjwa, alisema, umegawanywa viwanja vinne vya pikoboli. Nilisafiri nikauone. Udongo umefunikwa kwa zege lililopakwa rangi ya bluu, na wavu wetu mrefu umetolewa. Pikoboli ni kama tenisi iliyopunguzwa: uwanja mdogo, kibao badala ya raketi, mpira wa plastiki wenye matundu. Nilikuja nikiwa na hasira tayari, lakini nilikosa wa kumkasirikia. Miaka mingi hakuna aliyecheza tenisi pale, nyasi zilikuwa zimeshaota katikati. Sasa watoto walikuwa wanangoja zamu, na bibi mmoja aliyejifunga kitenge alikuwa anamshinda kijana wa chuo. Zarina aliniambia kwamba hata yeye alitia saini ombi la kuubadilisha. "Nilichoka kuuona mtupu kila ninapofungua duka," alisema.

Pale pale, kwa mara ya kwanza maishani, nikamwambia mtu. Nilimweleza makatazo ya mama, ahadi yangu, na viatu nilivyovifuta. Zarina hakunitazama. Aliangalia lile zege.

"Na mimi nilijua, Neema," alisema. "Aliniambia daktari amemkataza. Akasema nikikataa kucheza naye atatafuta mwingine. Nikawa nampigia mipira ya taratibu, makusudi. Siku ile akanigombeza, akasema nacheza naye kama namhurumia. Ndipo nikaupiga ule mmoja kwa nguvu, kule kona."

Zamani tulikuwa watatu na uwanja mmoja, tukaona unatutosha. Sasa viwanja ni vinne na watu tele, na waliobaki wa wakati ule ni sisi wawili, wanawake wa makamo. Zaidi ya miaka thelathini, kila nikija Mbeya, nimenunua vitambaa kwake, tukaulizana habari za watoto, tukaagana, kila mmoja akiamini kwamba ndiye pekee aliyemuua Tumpe. Nilimshika mkono. Tulikuwa bado tumeshikana mikono msichana mmoja aliposogea na kibao chake, akatuamkia shikamoo, akatuomba kwa adabu tuhame, maana tulikuwa tumesimama katikati ya uwanja wao.