Mabegi ya Tanga Lililooza

Mimi ni mtu wa Lubumbashi. Bahari sijaiona kwa macho mpaka leo, ila niliinusa kwa mara ya kwanza Randburg, kusini kabisa mwa Afrika, nyuma ya duka la mabegi nilikokuwa fundi cherehani. Ilikuwa asubuhi ya baridi, mwaka 2017. Bosi wetu alichana kwa kisu gunia kubwa la plastiki lililotoka Uskoti, na harufu iliyotoka mle sikuwa na jina la kuipa. Ilikuwa kama mboga zilizooza majini, ikachanganyika na samaki, ikachanganyika na nepi iliyosahauliwa kwenye ndoo wiki nzima. Nilitoka mbio nikatapikia mtaroni.

Kwenye karakana tulikuwa wawili tu. Mwenzangu alikuwa Mzanzibari, mkata vitambaa, mtu mzima mpole. Alichungulia ndani ya gunia, akaziba pua kwa kola ya shati.

"Usije ukadhani hii ndiyo bahari, dada," aliniambia niliporudi nikijifuta mdomo. "Bahari hainuki hivi. Huu ni uchafu uliofungiwa."

Yalikuwa matanga ya mashua ya bosi. Mwaka uliotangulia alikwenda Uskoti na rafiki yake, wakanunua mashua ndogo, wakawa wanatembea nayo pwani ya kule kwa starehe. Ndani walikuwa watatu: bosi, rafiki yake, na mpishi waliyemwajiri, mwanamume wa Durban aliyewahi kufanya kazi za melini. Siku moja upepo uliwatupa kwenye miamba, mashua ikapasuka. Wawili wakatoka. Mpishi akafa maji. Watu wa pale waliyaokota matanga na kuyarundika bandani, na sasa bosi alikuwa ameyasafirisha ili tuyashonee mabegi.

Siku ile alitusimulia akiwa amesimama, mkono juu ya meza ya kukatia, macho yamelowa.

"Nilimshika mkono," alisema. "Nilimshika kabisa. Wimbi likamchukua."

Nilimhurumia kwa moyo wote. Nilimwambia pole sana, bosi.

Tulisafisha wiki nzima kwa brashi, sabuni na siki. Mwani ulikuwa umeganda kwenye mikunjo, ukiushika unateleza kama kamasi. Kulikuwa na makombe madogo ya baharini yaliyong'ang'ania kitambaa. Tukiyabandua kwa kisu, ndani tunakuta nyama iliyooza na funza wanaojinyonganyonga. Chakula cha mchana nilikuwa narudi nacho nyumbani jinsi kilivyo. Kwenye teksi ya abiria ya kurudi Bellevue, nilikopanga chumba, watu walifungua madirisha, na ilikuwa Julai, baridi inakata masikio. Niliangalia nje kama vile harufu si yangu.

Siku ya nne bosi alikuja akatuzuia. "Msisafishe sana. Madoa mengine yaacheni. Mteja anataka kuona kwamba ni kweli."

Mabegi yakaanza kuuzwa. Kati ya karakana na duka kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, kwa hiyo kila mteja aliyesimuliwa habari ya mashua, na sisi tulisimuliwa. Mwanzoni nilikuwa nasimamisha cherehani kwa heshima ya marehemu. Baada ya wiki mbili niliona kitu. Habari ya mkono ilikuwa imehamia mwisho, inasemwa haraka haraka. Wiki nyingine mkono haukuwepo tena, mpishi "alitupotea." Kisha siku moja nikamsikia bosi akimwambia mama mmoja, "Tulikuwa wawili tu, mimi na rafiki yangu, na Mungu akatutoa." Yule mama akapiga makofi. Halafu akalinusa begi, nilimsikia akivuta pumzi kwa nguvu, akasema, "Ah, bahari yenyewe!"

Mzanzibari aliweka mkasi chini.

"Wawili?" aliniuliza.

"Ndivyo alivyosema."

"Amemzamisha mara ya pili," akasema, akashika mkasi wake tena. Sisi sote wawili tulikuwa na watoto wa kulisha. Nikakanyaga cherehani.

Tuliposafisha tanga la mwisho, dogo lililokuwa limebaki gunini, nilikuta sweta limeviringishwa ndani. La sufu, rangi ya majivu, limekakamaa kwa chumvi. Kiwiko cha kushoto kilikuwa kimewekwa kiraka cha buluu, kimeshonwa kwa mkono. Mimi ni fundi, mshono nausoma. Ule ulikuwa wa mtu mvumilivu, asiyejua kushona vizuri, aliyefumua na kurudia. Nilimpelekea bosi.

Aligeuka rangi. Kwa kitambo kidogo nilidhani atalia.

"La mpishi," alisema. Kisha akaligeuza, akaona kiwiko. "Hicho kiraka ni kizuri. Kikate, ukishone mbele ya begi lile la dirishani."

Nimeishi mahali pengi nikaona uchafu mwingi, lakini sijapata kuhisi kinyaa kama nilichohisi wakati ule, nikimtazama yule mwanamume amelishika sweta la marehemu kwa vidole viwili, akilipima kwa macho. Midomo yake ilikuwa na unga wa biskuti. Nilisema sawa, bosi. Nikakata kipande cha buluu kutoka kwenye mabaki ya vitambaa, nikakishona begini, naye hakujua tofauti. Sweta nililibeba hadi chumbani kwangu Bellevue. Kwa sababu lilinuka, nililifua mara nne.

Mwezi uliofuata alikuja mjane. Alikuwa amepanda basi kutoka Durban, mwanamke mnene aliyejifunga kitambaa kichwani, miguu imevimba kwa safari. Tulimsikia kupitia mbao.

"Sikuja kulaumu," alisema. "Nauliza tu kama kuna kitu chake chochote. Hata kiatu."

"Mama, bahari ilichukua kila kitu," bosi alimjibu, kwa ile sauti yake ya machozi. "Ila ngoja. Chukua hili, zawadi." Akampa begi, moja ya yale yenye madoa.

Mzanzibari alinitazama tu. Nilikuwa nimemwonyesha sweta. Na tangu niliposikia watu wakisema kwamba marehemu ana mke, nilikuwa nikilibeba kila siku ndani ya pochi yangu, sijui nikitegemea nini. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikamkuta mjane kwenye maegesho. Begi la bosi alikuwa amelishika mbali na mwili wake, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Nilimsalimia, nikamwambia mimi ndiye ninayeshona mle ndani, nikampa sweta.

Alikwenda moja kwa moja kwenye kiwiko.

"Nilimwambia buluu hailingani," akasema. "Alishona mwenyewe. Mbishi huyo." Alicheka kidogo. Kisha akauzika uso wake ndani ya sweta, akavuta pumzi, akavuta tena. Alipoinua kichwa alikuwa ananiangalia mimi.

"Umelifua?"

"Ndiyo, mama. Mara nne."

Alitikisa kichwa polepole, akalikunja vizuri, akalitia kifuani ndani ya koti. Begi aliliacha juu ya pipa la taka, akaondoka kuelekea kwenye roboti, zile taa za barabarani, akivuta miguu.

Nilisimama pale nikihisi kinyaa, na safari hii hakikuwa cha bosi peke yake. Harufu ya mwani ningeitoaje, ile ya mumewe ikabaki? Sijui. Lakini sikuwaza hata mara moja kwamba mle ndani kulikuwa na mtu. Nilitaka tu chumba changu kisinuke.

Nikarudi ndani, nikashona mpaka saa kumi na moja, mabegi mawili. Mwisho wa mwezi niliacha kazi. Bosi aliniuliza sababu, nikamwambia kifua changu hakipatani na ile harufu, akasema harufu mbona imekwisha. Mzanzibari alibaki miezi mingine mitatu, mpaka matanga yalipomalizika. Mimi nilirudi kushona sare za shule Bellevue, chumbani, vitambaa vipya vya dukani visivyonuka kitu.