Mtani Chini ya Msalaba

Watu wanaonifahamu kwa filamu na televisheni huniuliza nilisomea wapi uigizaji. Nawajibu kwamba nilianzia parokiani, Likasi, mji ambao siku hizo uliitwa Jadotville, nikiwa binti mdogo. Tuzo zilikuja baadaye sana, na kwa zote namshukuru Mungu. Lakini mlango aliufungua Ijumaa Kuu moja, wakati Katanga ilipokuwa imejitenga.

Katika mchezo wa Mateso, Bikira Maria aliigizwa na mvulana siku zote. Mwaka ule mvulana huyo hakuwapo. Wazazi wake walikuwa wamerudi naye kwao Kasai kwa hofu. Padri akanichagua mimi, kwa kuwa niliongoza rozari kwa sauti ya kusikika. Baba, mfanyakazi wa kiwanda cha shaba, hakupenda binti yake atazamwe na umati.

"Utaingia mara hii moja tu," akasema. "Ukicheka pale mbele ya musalaba, ni mwisho. Hata mchezo wa Noeli usiniombe."

Nami sikutaka kitu kingine duniani ila kuigiza.

Uwanja wa misheni ulijaa. Gari la sinema lilikuwa limeacha kuja kwa sababu ya vita, kwa hiyo watu walitoka hata Kakontwe, kwenye machimbo ya mawe ya chokaa. Nilipopiga magoti na kulia kama mama zetu wanavyolia msibani, wanawake wa mbele wakavua vilemba, wakalia pamoja nami. Ndipo mzee mmoja wa Kakontwe akainuka. Ukoo wake na wetu ni watani, na kwetu mtani huja msibani kuwatania wafiwa ili uchungu upungue. Hulala mbele ya maiti, haondoki mpaka apewe kitu. Sijui kama alisahau kwamba ule ni mchezo, au hakujali. Alilala chali chini ya msalaba.

"Mama ya mufu!" akaita. "Mutoto yako aligawia bantu divai kule kwa arusi, miye hakunibakishia hata tone. Hashuki huyu! Leta kitu kwanza!"

Umati ukaangua kicheko. Yesu msalabani akauma midomo. Waliokuja kumshusha wakabaki na ngazi mikononi, na padri akasimama, uso umemwiva. Kicheko kilinifika kooni. Nikamtupia baba jicho: hakuwa akimtazama mzee, alinitazama mimi. Nikamwomba Bikira mwenyewe anishike. Kisha nikafanya kama bibi alivyofanya tulipomzika babu: nikavua kitenge nilichojifunika, kitenge kipya cha mama, nikakiweka kifuani pa mzee.

"Mutani wangu," nikasema nikilia, "sina kuku, sina unga. Twaa hiki, uniachie mutoto wangu."

Mzee akaketi, akakikumbatia kile kitenge, machozi yakamtoka. Akainuka, akashika ngazi, akasaidia kumshusha Yesu.

Nyumbani mama alinuna, maana alichopewa mtani hakirudi.

"Kitenge yangu imeenda Kakontwe," akasema.

Baba alimaliza bukari yake, ugali wa kwetu, bila haraka, akanawa mikono.

"Nitakununulia ingine," akamwambia mama. Kisha akanigeukia. "Na weye, Noeli padri akikuita, uende. Lakini uvae kitenge yako."