Safari ya Koboko, Kumuona Rajabu wa Mkuki

Nyinyi wenzangu wa darasa ya jioni mlinituma niandike, kwa sababu kila mtu ananiuliza habari moja na mdomo yangu imechoka. Basi naandika, mwenye hajui kusoma asomewe.

Nilienda Koboko kwa sababu Idd ilipita na mtoto yangu hakukuja. Nilipika kisira, ile mkate yetu Wanubi, nyembamba kama kitambaa, nikaweka ya Rajabu chini ya kawa. Ilikaa mpaka ikakauka, ikavunjika yenyewe. Nilitupia kuku. Siku ile nilisema, Mungu akifungua njia, nitamfuata mwenyewe.

Rajabu mnamjua, lakini nataka mtu kama hamjui naye aelewe. Ni yule kijana wa shule alitupa mkuki kwa michezo, pale chini ya Arua Hill. Mkuki ilipita kamba ya mwisho, ikapita vichwa vya watu, ikadunga paa ya jiko ya mwalimu. Mke wa mwalimu alitoka na mwiko, anatafuta nani anamuua. Hiyo niliona na macho yangu. Lakini mdomo ya Arua si ndogo. Kufika Ayivu, mkuki ilikuwa imedunga nyumba mbili. Kufika Adumi, ilianguka Kongo. Wanawake wakatunga wimbo, wakapiga na ngoma ya harusi: Rajabu akitupa, tai anahama. Haikukaa siku nyingi, gari ya jeshi ikasimama mlango yangu. Walimpeleka Kampala, timu ya jeshi. Redio ikataja jina yake, ikasema ataenda nje na atashinda Wazungu.

Nilishukuru Mungu, sisemi uongo. Majirani walikuwa wanakuja kwangu kusikia redio kama vile Rajabu iko ndani. Wakikwisha kwenda, nilikuwa nabaki naangalia ile kitu.

Halafu redio ikasema timu inakuja Koboko, Jumamosi, kutupa mbele ya wakubwa. Nilifunga kazi yangu ya kusuka vikapu.

Alhamisi asubuhi, Arua. Nilipata lori ya samaki kavu. Dereva alikuwa Mkongomani, akaniweka mbele pamoja na mzigo yangu: kisira, kopo ya simsim, bamia kavu. Sukari sikupata, mnajua miaka hii sukari ni ya bahati. Dereva aliniuliza naenda kwa nani. Nilipomwambia, alipunguza mwendo akaniangalia.

"Mama, ile mukuki ya mutoto yako ilianguka kwa shamba ya baba yangu. Tunaitumia kuchimba muhogo."

Nilicheka mpaka kilemba ikafunguka. Yeye hakucheka hata kidogo, ndio uzuri wa uongo yake.

Maracha. Moshi ya tumbaku ilikuwa inatoka kwa vibanda vya kukaushia, na watu wanapalilia mtama pande zote mbili. Mvua ilikuwa imekata barabara, tukashuka, wanaume wakaweka mawe. Nilikaa pembeni na tasbihi yangu. Pale ndipo nilikumbuka Rajabu akiwa mdogo, anarusha mawe kwa ndege wa mtama, na baba yake amekaa kwa kiti anamhesabia. Baba yake alikuwa askari wakati ya Waingereza. Aliondoka kwangu na miguu mbili, akarudi na moja. Amekufa sasa, Mungu amrehemu.

Kabla ya Koboko iko kizuizi ya jeshi. Askari alitoa watu wote chini, akafungua mizigo, akaweka mkono kwa kopo yangu ya simsim. Dereva akamwambia pole pole huyu ni mama ya nani. Askari alirudisha kopo. Aliniita mama, akaegesha bunduki yake kwa gogo, akakimbia kidogo na kutupa mkuki ya hewa, wenzake wakaimba tai anahama. Wimbo ya wanawake wa Arua, iko kwa mdomo ya askari wa barabara. Nilijisikia mkubwa. Nilipanda lori kama mke wa gavana.

Saa kumi, Koboko. Nilifikia kwa Mama Zubeda, rafiki yangu tangu usichana, ameolewa pale. Alinipa maji ya kuoga, akanipa habari: timu iko kambini, wamama hawaruhusiwi, lakini Sajini mwenye anafundisha mkuki ni jamaa ya mume yake. Atamleta Rajabu kesho kula hapa.

Ijumaa nilipika tangu mchana. Walikuja karibu na magharibi. Rajabu amekuwa mrefu, shingo imekuwa ya mwanaume. Alinisalimia na heshima, hakunikumbatia, niliona ni adabu ya jeshi. Sajini alikuwa mtu wa kicheko kubwa.

"Mama, asante kwa kuzaa," aliniambia. "Kazi ingine tumefanya sisi."

Adhana ililia, tukatandika mikeka uani. Sajini mbele, Rajabu na mume wa Mama Zubeda nyuma yake, sisi wanawake nyuma kabisa. Sajini akasema Allahu akbar. Kila mtu aliinua mikono mpaka masikio. Mkono ya kushoto ya Rajabu ilifika. Ya kulia ikasimama kwa kifua.

Niliona vibaya, nilisema moyoni, jeshi imemfundisha uvivu ya sala. Niliweka maneno tayari ya kumgombeza. Mungu anisamehe, sala ile sijui niliswali nini.

Chakula ikaja. Wanaume sinia yao, sisi yetu. Sajini alikuwa anakula na kuhadithia vile watashinda nje, mpaka bendera alikuwa amekwisha pandisha. Rajabu alisema ameshiba, amekula kambini. Mama Zubeda akamtania, "Kumbe Kampala wanapika kisira kushinda mama yako?" Watu walicheka. Yeye pia alicheka, lakini macho yake haikutoka kwa sinia.

Mimi ndiye nilimlea. Rajabu hajawahi kushiba kisira. Hapo nikaelewa kifua. Mkono ya kulia haifiki mdomo, na mtoto yangu hawezi kula na mkono ya kushoto mbele ya watu, kwa sababu mimi nilimchapa kwa hiyo akiwa mdogo.

Nilichukua bakuli, nikamwita anisaidie kuni nyuma ya jiko. Nilikata kisira, nikachovya, nikapeleka kwa mdomo yake. Alinitazama, halafu akafungua. Alikula kama mtu ametoka porini. Niliendelea kumlisha, mwanaume mzima mwenye ndevu, na yeye alikuwa analia na kutafuna.

"Ilianza Kampala," alisema. "Nikitupa mbali, wanataka mbali ingine. Wanasugua dawa, wanasema tupa."

"Mwambie Sajini."

"Hapana, mama. Kesho nikitupa vizuri, tunaenda nje. Niache nione ile nje tu. Halafu mkono ipumzike."

Wakati Sajini alikuwa anavaa viatu, nilimfuata mlangoni, nikamwambia yote. Rajabu alinisikia, akageuza uso. Sajini hakucheka tena. Aliniambia bila ukali, kama mtu anafundisha mtoto:

"Mama, mkono ile si yako. Iko ya serikali."

Nilimwambia, "Mguu ya baba yake pia ilikuwa ya serikali. Lakini kuosha kidonda, ni mimi nilikuwa naosha."

Halafu akasema wakubwa wamekwisha fika, yeye hana mdomo ya kuwaambia. Walienda.

Jumamosi, uwanja. Watu walitoka mpaka upande ya Sudani. Wakubwa walikaa kwa kivuli ya turubai, na wanawake wa Koboko walikuwa na ngoma tayari. Wengine walitupa kwanza, watu wakapiga makofi ya adabu. Rajabu akaingia, wimbo ikapanda. Mama Zubeda alinishika mkono. Rajabu alikimbia vizuri, akatupa, mkuki ikaenda mbali, watu wakanguruma. Mimi nilikuwa naangalia bega tu. Alirudi pole pole, ameshika mkono yake na ingine kama mtu anabeba mtoto ya mwenzake.

Mara ya pili alikimbia, akainua. Sijui kama alitupa. Mkuki ilianguka karibu na miguu yake, na yeye akapiga magoti. Wanawake walikuwa katikati ya wimbo. Walifika kwa tai, wakanyamaza. Nyuma yangu kijana moja akasema, "Kumbe tai alikuwa anahama bure," na wengine wakacheka. Watu wale wale. Nilitaka kushuka uwanjani, askari akanizuia na fimbo. Nilimuona Sajini anaenda kwake, anamfunika na koti yake mwenyewe.

Jioni Sajini alimleta kwa Mama Zubeda, na sanduku yake. Hakutaka kuingia. Alisema, "Mchukue, mama. Ikipona, tutatuma gari."

Jumapili, kurudi. Lori ilikuwa ingine, tulikaa juu ya magunia. Pale kwa kizuizi, askari yule alimtazama Rajabu, akatazama kamba ya kubeba mkono kwa shingo yake, akafungulia lori. Nilikuwa nimepata kitu nilitaka. Mtoto yangu iko kando yangu, bega yake inagusa yangu kila shimo. Lakini yeye alikaa kwa kugeuka, anaangalia upande ya Koboko mpaka Maracha, na hata Maracha hakugeuka.

Nilimwambia, "Ulikasirika nilisema?"

Alisema, "Hapana, mama. Ile ya kwanza, uliona vile ilienda?"

"Niliona," nilimwambia. Mungu anajua nilikuwa naangalia bega.

Sasa tuko Arua. Anakula na mkono ya kushoto, mimi nimesema ni ruhusa, mgonjwa Mungu hamdai. Msituimbie ule wimbo mkija, tafadhali, na habari ya Kongo pia muache kidogo. Nyinyi mnaniuliza kama nimefurahi. Nilijifunza kwamba mtu anaweza kurudi nyumbani na bado ukamngojea.

Kila magharibi anatandika mkeka mbele yangu. Ninaangalia mkono ya kulia. Kwanza ilikuwa inasimama kwa kifua. Jana ilifika bega. Nikikwisha swali, naomba Mungu aifikishe masikio, kwa sababu mtoto analia usiku na mimi ni mama. Na najua siku ile mkono itafika masikio, gari itakuja kusimama mlango yangu. Naomba tu hivyo hivyo.