Kiapo Juu ya Karata

Zile karata zilinuka iliki, kwa sababu Shangazi Zuhura alizihifadhi ndani ya kopo la halua, na joto la mchana lilipopanda ghorofani kwetu Mji Mkongwe ziligandana vidoleni. Likizo ile alitufundisha poka, mimi na Nasra, binti wa ami yangu, tukiwa na miaka kumi. Shangazi aliijulia hotelini alikofanya kazi. Kuwekeana fedha ni kamari, alisema, na kamari haramu. Basi tuliwekeana komwe, zile kete za bao. Kilichonitatiza ni kwamba mchezo wenyewe ulitaka mtu adanganye.

“Hudanganyi,” Shangazi alinijibu. “Unanyamaza na karata zako. Na wewe maswali yako hayaishi?”

Siku ya mwisho tuliwekeana jambo zito kuliko komwe. Kesho yake baba alikuwa anakwenda Mangapwani kwa vespa, na nyuma palikuwa na nafasi ya mtoto mmoja tu. Mshindi ndiye angekwenda. Shangazi aliinuka kwenda kusali Alasiri, akatuacha tumalize duru ya mwisho. Nilishika karata tano zisizoelewana, hata jozi moja sina. Nikasukuma mbele komwe zangu zote. Sasa ama Nasra aweke zake zote, ama atupe karata, nami nishinde bila ya kuonesha zangu. Alinikazia macho.

“Mwongo we! Pua yakutoka jasho.”

“Weka basi, kama huogopi.”

“Sema wallahi una karata nzuri.”

Hilo Shangazi hakutufundisha. Kwetu mtoto akishaapa, ubishi umekwisha.

“Wallahi,” nikasema.

Nasra hakubisha. Alizilaza karata zake wazi: bibi watatu, wa kuzishinda zangu kwa mbali. “Haya, nenda,” akasema, akaanza kuzirudisha komwe kwenye mashimo ya bao, moja moja.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika Mangapwani na kurudi, na mle katika pango walimofichwa watumwa, mimi mwenye maswali, sikuuliza hata moja.

Siku hizi, baada ya chuo kikuu, nacheza poka kwenye simu na watu nisiowaona. Nadanganya bila ya jasho, na hakuna anayeniapisha. Mengi niliyofundishwa madrasa sina hakika nayo tena. Lakini Nasra akiniuliza jambo, hata dogo, mimi huchelewa kumjibu. Hulipima kila neno kabla ya kulitoa. Yeye huwaambia watu kuwa ni usomi.